Hadithi za Wawindaji na Habari ya Okapi

Watoto, hakuna asiyependa kusikiliza hadithi za wawindaji. Mwindaji akirudi kutoka mwituni, hata akiwa mikono mitupu, hakosi neno la kusimulia. Ameona chui mkubwa kuliko chui wote. Ameona nguruwe asiyeingiwa na mkuki. Ameona mnyama asiye na jina. Na kila mara mnyama aliyeponyoka huwa mkubwa kuliko yule aliyeletwa nyumbani.

Je, hadithi hizi ni za kweli au ni za uongo? Mtu mjinga huziamini zote. Mtu mwenye kiburi huzikataa zote. Mtu mwenye akili huzipima. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuzipima. Tena tutasoma jinsi neno la wawindaji wa mwitu wa Ituri, karibu na Beni, lilivyowashinda wataalamu wa Ulaya.

1. Wazee watatu penye moto

Alimbongo ni mahali pa baridi. Pako juu mlimani, zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari, katika njia itokayo Goma kwenda Lubero na Butembo. Asubuhi ukungu hufunika mashamba ya viazi, na jua likitua kila mtu hutafuta moto. Penye moto ndipo hadithi zinapozaliwa.

Basi, tuwaze jioni moja ya zamani. Wazee watatu wameketi, na watoto wamewazunguka. Mmoja ni mwenye nyumba, mkulima wa Alimbongo aliyekuwa mwindaji ujanani mwake. Wa pili ametoka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi penye ziwa Edward. Wa tatu ametoka Mbau, upande wa kaskazini wa Beni, kwenye mwitu mkubwa.

Mzee wa Vitshumbi akaanza kusema: "Ndugu zangu, mimi nimeona nyati! Alisimama njiani asubuhi, karibu na mto Rutshuru. Pembe zake zilijaza njia nzima, tangu ukingo huu hata ukingo ule. Motokari isingeweza kupita."

Watoto wakashangaa. Mwenye nyumba akacheka, akasema: "Ndugu yangu, mwaka juzi ulipotusimulia habari ya nyati huyu, pembe zake zilikuwa hatua moja tu. Mwaka jana zilikuwa hatua mbili. Nyati amekwisha kufa, nyama yake imeliwa, lakini pembe zake zingali zinaota!"

Wote wakacheka, na mzee wa Vitshumbi mwenyewe akacheka kuliko wote.

Ndipo mzee wa Mbau akasema polepole: "Kwetu mwituni yuko mnyama. Masikio yake ni makubwa kama ya punda. Mwili wake ni wa rangi ya kahawia iliyoiva sana, lakini mapaja na miguu yake ina milia myeupe kama ya punda milia. Ulimi wake ni mrefu hata hujilamba sikio. Hutembea peke yake, tena kimya."

"Haya!" akasema mzee wa Vitshumbi. "Mimi nimerefusha pembe tu. Wewe umewapika punda na punda milia katika chungu kimoja!"

Lakini mwenye nyumba hakucheka. Akasema: "Katika nyumba hii tuna maswali matatu kwa kila mwindaji. La kwanza: Umeona kwa macho yako, au umesikia kwa mtu? La pili: Umeona wapi, saa gani, naye mnyama alikuwa akifanya nini? La tatu: Alama yake iko wapi?"

Mzee wa Mbau akajibu: "Nimemwona mimi mwenyewe, mara mbili tu katika maisha yangu yote, ingawa mwitu ni nyumba yangu. Mara ya kwanza alikuwa akila majani kando ya kijito, jua likikaribia kutua. Mara ya pili alikuwa ndani ya shimo la mtego, shimo la Wambuti. Na alama yake ni hii."

Akafungua mkoba wake, akatoa mshipi wa zamani alioachiwa na babu yake. Ulikuwa wa ngozi yenye manyoya mafupi, na milia yake ilikuwa myeusi na myeupe. Mshipi ukapita toka mkono hata mkono. Hakuna aliyecheka tena.

Wazee hawa watatu tumewawaza tu, ili tupate kujifunza. Lakini mishipi ya ngozi ya namna ile ilikuwako kweli, na habari yake ni hii ifuatayo.

2. Punda wa Stanley

Katika miaka ya 1887 hata 1889, Stanley, ambaye watu wa Kongo walimwita Bula Matari, alipita katika mwitu wa Ituri pamoja na wapagazi wengi wa Zanzibar. Safari ile ilikuwa ya njaa na ya vifo vingi. Mwitu ulikuwa mnene, hata jua halikuonekana vizuri.

Katika mwitu ule wanakaa Wambuti. Hao ni watu wafupi wa kimo, na ni wawindaji hodari kuliko wengine wote. Huwinda kwa nyavu, kwa upinde na kwa mikuki. Hujua kila njia ya mnyama, kila kinyesi, kila tawi lililovunjika.

Stanley alisikia neno la ajabu kwa Wambuti. Walipotajiwa punda, hawakustaajabu. Walisema kwamba mwituni mwao yuko mnyama afananaye na punda, nao humnasa pengine katika mashimo. Stanley aliliandika neno hilo, maneno machache tu, katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1890. Watu wa Ulaya waliosoma wakauliza: Punda atafanya nini katika mwitu? Punda na farasi hupenda nchi ya majani, si nchi ya miti.

Wengi waliliacha neno lile. Mtu mmoja hakuliacha.

3. Johnston na Wambuti

Mtu huyo aliitwa Harry Johnston, Mwingereza. Mwaka 1899 alikuja Uganda kuwa mkuu wa serikali ya Waingereza. Wakati huo Mzungu mmoja alikuwa amewachukua Wambuti kadhaa kwa hila, akitaka kuwapeleka Paris ili watu wawatazame katika maonyesho makubwa ya mwaka 1900, kama watu watazamavyo wanyama. Lilikuwa jambo la aibu. Johnston akawaokoa Wambuti wale, akawaweka kwake kwa muda, kisha akaazimu kuwarudisha kwao Ituri.

Walipokaa pamoja, Johnston aliwauliza habari ya yule punda wa mwituni. Wakamjibu bila kusitasita: Yuko. Anafanana na punda, lakini ana milia. Wakamtaja kwa jina lake. Jina hilo katika masikio ya Wazungu likawa okapi.

Basi mwaka 1900 Johnston alivuka mto Semliki pamoja na Wambuti wale, akafika katika boma la askari lililoitwa Mbeni. Ndilo jina la Beni ya leo. Maofisa wa boma walimwambia: "Tunamjua mnyama huyo. Wenyeji huleta nyama yake, na askari wetu hukata ngozi yake, wakafanya mishipi." Johnston akatazama, kumbe! Mishipi ile ilikuwa na milia. Akapata vipande viwili vya ngozi.

Hata hapo hakutosheka. Alitaka kumwona mnyama mwenyewe. Akaingia mwituni, na waongozi wakatangulia. Siku moja wakasimama, wakamwonyesha nyayo ardhini. Wakasema: "Tazama, amepita hapa."

Johnston akainama, akatazama. Nyayo zile zilikuwa na kwato mbili, kama nyayo za ng'ombe au za mbuzi. Akakasirika moyoni. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba okapi ni namna ya farasi, na farasi ana ukwato mmoja mzima usiopasuka. Akafikiri kwamba waongozi wanamwonyesha nyayo za pofu, yaani mnyama mkubwa afananaye na ng'ombe. Hakuwasadiki. Akaziacha nyayo zile, akaendelea mbele kutafuta nyayo za farasi.

Lakini farasi hakuwako. Homa ikawashika watu wa safari, wakarudi bila kuona kitu.

Watoto, fikirini kidogo hapa. Nani alikosa? Si wawindaji. Wao walionyesha alama ya kweli. Aliyekosa ni msikilizaji, kwa sababu alikuja na jibu lake tayari kichwani. Alama ilikuwa mbele ya miguu yake, naye akaivuka.

4. Kwato mbili zashinda

Vipande viwili vya ngozi vilipelekwa London. Mtaalamu mmoja, jina lake Sclater, alivichunguza. Yeye naye akaona milia, akafikiri ni ndugu wa punda milia. Mapema mwaka 1901 akampa mnyama yule jina la Kilatini, Equus johnstoni, maana yake farasi wa Johnston.

Mwaka ule ule Eriksson, ofisa wa boma la Mbeni, aliyekuwa mtu wa Uswidi, alimpelekea Johnston ngozi nzima pamoja na mafuvu mawili ya kichwa. Sasa kila kitu kilionekana wazi. Meno hayakuwa ya farasi. Kwato zilikuwa mbili, sawasawa na nyayo walizozionyesha waongozi mwituni. Mnyama huyu hakuwa ndugu wa farasi wala wa punda milia. Alikuwa ndugu wa twiga!

Mtaalamu mwingine, Lankester, akalifuta jina la farasi. Mwaka 1901 akamwita Okapia. Tangu siku ile jina lake kamili katika vitabu vya elimu ni Okapia johnstoni. Neno la kwanza limetoka kwa watu wa mwitu, na la pili kwa mgeni aliyewauliza habari. Johnston mwenyewe aliisimulia habari ya nyayo zile bila kuficha kwamba alikuwa hakusadiki. Kwa hiyo sisi twaijua leo.

5. Okapi ni mnyama gani?

Okapi ni mkubwa. Begani kimo chake ni kama meta moja na nusu, na uzito wake ni kilo 200 hata 350. Shingo yake ni ndefu kuliko ya punda, lakini ni fupi sana kuliko ya twiga. Dume ana pembe mbili fupi zilizofunikwa ngozi, kama pembe za twiga. Jike hana pembe, lakini kwa kawaida ni mkubwa kuliko dume.

Ulimi wake ni mweusi wenye rangi ya samawati. Kwa ulimi huo huvuta majani ya miti, kwa maana chakula chake ni majani, machipukizi na matunda. Ulimi ni mrefu hata hufika machoni na masikioni, akajisafisha kwa huo.

Kwa nini watu hawamwoni? Sababu ni nyingi. Kwanza, rangi yake nyeusi huungana na kivuli cha mwitu, na milia ya mapajani hufanana na miale ya jua ipitayo kati ya majani. Pili, okapi hukaa peke yake, isipokuwa mama na mtoto wake. Tatu, masikio yake makubwa husikia upesi, naye huenda zake kabla mtu hajafika. Mama na mtoto huitana kwa sauti nzito sana ambayo masikio yetu hayawezi kuisikia.

Jike hubeba mimba zaidi ya miezi 14, akazaa mtoto mmoja tu. Kumbukeni jambo hili. Mbuzi aliyechinjwa leo atapata wa kushika nafasi yake upesi. Okapi aliyeuawa leo hawezi kupata wa kushika nafasi yake upesi.

Tena siku hizi okapi wa mwituni hupatikana katika Kongo tu. Mtu wa India au wa Ulaya akitaka kumwona katika makao yake, hana budi kuja kwetu.

6. Unyoya mmoja na tumbili mmoja

Habari ya okapi si ya peke yake. Zipo nyingine zinazofanana nayo.

Mwaka 1913 mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, jina lake James Chapin, alikuwa katika mwitu wa Ituri. Huko aliona kofia ya mtu iliyopambwa kwa manyoya. Unyoya mmoja hakuutambua. Hakuutupa, wala hakusema, "Ni wa kuku tu." Aliuhifadhi miaka mingi. Mwaka 1936, katika jumba la Tervuren, nchi ya Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa na kusahauliwa. Waliandikwa kuwa ni tausi wa India. Lakini manyoya yao yalifanana na unyoya wake! Kumbe walikuwa tausi wa Kongo, ndege ambaye wenyeji wa mwitu walimjua tangu zamani, lakini vitabu havikumjua. Mwaka 1937 Chapin akarudi Kongo, akawapata ndege wenyewe.

Na habari nyingine ni ya juzi juzi. Mwaka 2007 watafiti walifika Opala, upande wa kusini-magharibi wa Kisangani. Katika nyumba ya mkuu wa shule ya msingi waliona tumbili aliyefugwa, mwenye uso kama wa mtu na macho makubwa. Wakauliza: "Huyu ni nani?" Watu wakajibu: "Ni lesula." Wawindaji wa huko walimjua wote. Watafiti wakachunguza miaka kadhaa, na mwaka 2012 wakamtangaza kwa dunia yote kwa jina la Cercopithecus lomamiensis. Mnyama ambaye vitabu vyote vilikuwa havina habari zake alikuwa amefungwa kamba nyumbani kwa mwalimu.

7. Mwindaji aliyeweka bunduki chini

Zamani wawindaji wa kigeni walikuja kwetu kutafuta pembe na vichwa vya wanyama wakubwa, wavitundike ukutani kama ushahidi wa uhodari wao. Katika milima ya Virunga, ofisa mmoja Mjerumani, von Beringe, aliwapiga risasi gorila wawili mwaka 1902. Hivyo gorila wa milimani akajulikana Ulaya.

Mwaka 1921 alikuja Carl Akeley kutoka Marekani. Kazi yake ilikuwa kuua gorila, kuwakausha na kuwaweka katika jumba la maonyesho la New York. Akawaua. Lakini alipoutazama uso wa gorila aliyekufa, hakufurahi. Aliandika kwamba ilimwia vigumu kutojiona kuwa muuaji. Baadaye yeye yule aliyewapiga risasi akawaombea. Alimsihi Albert, mfalme wa Wabelgiji, awape gorila mahali pa salama. Mwaka 1925 hifadhi ya kwanza katika Afrika ya namna hii ikaanzishwa, ikaitwa Hifadhi ya Albert. Leo tunaiita Hifadhi ya Virunga. Akeley alirudi mwaka 1926, akaugua, akafa, akazikwa huko huko mlimani.

Wakati mmoja gorila wa milimani walikuwa wachache mno. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilisema ni 1,063, katika Kongo, Rwanda na Uganda. Wameongezeka kwa sababu watu waliwalinda, na walinzi wengi wa Virunga wamekufa katika kazi hiyo.

Hata katika nchi ya Wanande wako gorila. Mlima Tshiaberimu, ambao jina lake maana yake ni mlima wa roho, ni sehemu ya Hifadhi ya Virunga. Huko wanakaa gorila wa namna nyingine, wale wa nchi ya tambarare ya mashariki. Walipungua hata wakabaki wachache wa kuhesabika kwa vidole. Kwa hiyo mwaka 2024 majike wanne waliolelewa katika kituo cha gorila yatima cha Kasugho, katika wilaya ya Lubero, walipelekwa katika mlima ule wakaishi na gorila wa mwituni.

8. Okapi wa siku hizi

Sasa turudi kwa okapi. Mwaka 1992 serikali iliweka hifadhi ya okapi katika mwitu wa Ituri, karibu kilometa za mraba 14,000. Makao yake ni Epulu. Mwaka 1996 hifadhi hii iliandikwa katika urithi wa dunia.

Lakini okapi hawakusalimika. Mwezi wa sita mwaka 2012 watu wenye silaha waliiingia Epulu. Walikuwa wawindaji haramu wa tembo na wachimbaji wa dhahabu, nao walikasirika kwa kuwa walinzi waliwazuia. Waliua watu, wakachoma nyumba, wakawapiga risasi okapi 14 waliofugwa katika kituo. Okapi wale walikuwa wamezoea watu, wala hawakukimbia. Mwindaji gani atajisifu kwa kumpiga mnyama asiyekimbia?

Katika Hifadhi ya Virunga, upande wa Semliki, okapi walikuwa hawajaonekana tangu mwaka 1959. Watu wengi walisema wamekwisha. Mwaka 2006 wachunguzi waliona nyayo zao. Mwaka 2008 wakafunga mashine za picha katika miti. Mashine hizi hazihitaji mtu. Mnyama akipita, hupiga picha zenyewe, hata usiku. Na siku moja picha ikatoka: okapi anatembea kwa utulivu, milia yake inaonekana wazi. Ilikuwa mara ya kwanza katika dunia yote kupata picha ya okapi akiwa huru mwituni.

Furaha ilikuwa kubwa, lakini ilichanganyika na huzuni. Wakati ule ule wachunguzi walisikia kwamba nyama ya okapi inauzwa Beni. Watu walikuwa wakimla mnyama ambaye wengine walimtafuta miaka karibu 50.

Sheria ya nchi yetu inakataza kabisa kumwua okapi. Lakini sheria haikai mwituni usiku. Anayekaa huko ni mtu. Mtego wa waya haumchagui mnyama. Aliyeutega kwa ajili ya swala humnasa okapi pia. Mtu mwenye njaa twamwelewa, na vita vimewatia watu wengi katika njaa. Lakini anunuaye nyama ya okapi sokoni ili ajivunie kwa rafiki zake, huyo hana njaa.

9. Tukumbuke

Somo hili lina mafundisho mawili.

La kwanza ni la msimulizi. Asirefushe pembe za nyati. Njia ya mwongo ni fupi, na mtu aliyedanganya mara tatu hatasadikiwa siku ile atakapoona jambo la kweli. Aseme alichoona, mahali alipokiona, na alama yake.

La pili ni la msikilizaji. Asiwe na jibu kabla ya kusikia. Wambuti hawakusoma katika shule ya London, lakini walijua kwamba okapi ana kwato mbili. Watu wenye elimu walikuwa na vitabu vingi, wakasema ni farasi. Elimu ya kweli ilianza siku ile nyayo, ngozi na fuvu vilipowekwa pamoja na neno la mwindaji.

Na tujue neno hili pia. Hadithi za wawindaji zinaweza kudumu tu kama wanyama wanadumu. Okapi wa mwisho akiuawa, mzee wa Mbau atakayesimulia habari zake miaka 50 kutoka leo atakuwa kama mzee wa Vitshumbi na pembe zake. Watoto watacheka, watauliza, "Alama yake iko wapi?" Naye hatakuwa na la kuwaonyesha.

Maana ya maneno

Kuponyoka: kukimbia na kuokoka mikononi mwa mtu.
Ukwato (wengi: kwato): sehemu ngumu ya mguu wa mnyama, kama kucha kubwa.
Fuvu: mfupa wa kichwa.
Mshipi: ukanda wa ngozi wa kufunga kiunoni au begani.
Boma: mahali pa askari palipozungushwa ukuta au miti.
Pofu: mnyama mkubwa afananaye na ng'ombe, mwenye pembe zilizosokotwa.
Hifadhi: nchi iliyotengwa ili wanyama na miti vilindwe.
Mwindaji haramu: mtu awindaye wanyama waliokatazwa na sheria.

Maswali

1. Mwenye nyumba wa Alimbongo ana maswali gani matatu kwa kila mwindaji?
2. Kwa nini alisema kwamba pembe za nyati "zingali zinaota"?
3. Wambuti walimwambia Stanley neno gani?
4. Askari wa boma la Mbeni walifanya nini kwa ngozi ya okapi?
5. Johnston aliona nyayo za namna gani? Kwa nini hakusadiki?
6. Ni vitu gani vilivyoonyesha kwamba okapi ni ndugu wa twiga?
7. Tafuta sababu tatu zinazofanya okapi asionekane upesi.
8. Chapin alifanya nini na unyoya aliouona mwaka 1913?
9. Ni jambo gani lililotokea Epulu mwaka 2012?
10. Alama ya mwindaji wa zamani ilikuwa pembe au ngozi. Alama ya mchunguzi wa siku hizi ni nini? Ipi ni bora, na kwa nini?

Kazi ya kufanya

Mwulize mzee mmoja wa kwenu habari ya mnyama au ndege aliyemwona ujanani mwake na ambaye siku hizi haonekani tena. Mpe shikamoo kwanza, kisha umwulize kwa heshima yale maswali matatu. Andika majibu yake katika daftari kama alivyosema, bila kuongeza neno na bila kupunguza. Halafu chora picha ya mnyama huyo, na chini yake andika jina lake katika lugha ya kwenu.